UZI: Msitu wa Arabuko-Sokoke ni wa nani? Historia kwa wanaobishana kila uchaguzi

1. Kila msimu wa kampeni, huku kwetu kati ya Matsangoni na Gede, swali hili lazima litoke. Mmoja anapanda juu ya gari anasema, "Watu hawana mashamba na serikali imefungia msitu. Miti haipigi kura!" Makofi. Wiki inayofuata anakuja mwingine, anasema msitu ni urithi wetu na anayeutaka ni mwizi. Makofi tena. Na mara nyingi wanaopiga makofi ni watu wale wale.

2. Kanuni za uzi huu: sitaji mwanasiasa wala chama. Ukileta jina la mtu kwenye maoni sitajibu. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si mtaalamu wa miti. Ninachotaka ni kwamba siku ukiwa mkutanoni, ujue kilichotokea kabla hujapiga makofi. Ni mrefu, kwa hivyo tafuta chai.

3. Kwa wasiotujua: ukitoka Mombasa kwenda Malindi, ukishapita Matsangoni, mkono wa kushoto miti inaanza na haiishi hadi ukaribie Gede. Huo ndio Arabuko-Sokoke. Ni takriban kilomita za mraba 420. Ndicho kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki yote. Mkono wa kulia ni Mida, halafu Watamu, halafu bahari.

4. Ndani mna vitu ambavyo duniani havipo kwingi. Kuna bundi mdogo wa sentimita 16 hivi ambaye sayansi ilimjua miaka ya 1960 tu; jamaa zake wengine wako chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Kuna sengi, yule mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Kuna mnana wa Clarke, ambaye hujamkosa hapa utamtafuta Dakatcha, na Dakatcha usipompata basi humpati tena. Na kuna ndovu. Kwa ndovu tutarudi.

5. Sasa historia. Kabla ya serikali yoyote, msitu huu ulikuwa na watu wanaoujua. Waata, ambao wengine huwaita Wasanye, walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde mrefu na mshale wa sumu. Walijua njia, maji na msimu. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, na msako wa majangili ukapamba moto miaka ya 1950, wengi wao walijikuta jela kwa kufanya walichofanya babu zao. Mtu analala mwindaji, anaamka jangili. Hajabadilika yeye, imebadilika karatasi.

6. Halafu Mijikenda na kaya zao. Kaya ilikuwa mji ndani ya msitu, na hata watu walipohama kwenda kulima nje, msitu wa kaya ulibaki chini ya wazee. Hukati mti ovyo, huingii na jambo lolote tu, na ukivunja miko unatozwa faini, mara nyingi mnyama wa kuchinjwa. Hakuna askari, hakuna bunduki. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya kwenye orodha ya urithi wa dunia. Yaani dunia ilikuja kutunuku mfumo ambao ukoloni uliuita ushirikina.

7. Kumbukeni hoja hiyo ya kaya, tutaihitaji mbele: watu wa hapa walihifadhi misitu kabla ya neno "uhifadhi" kuja. Anayesema Mgiriama hajui thamani ya mti hajasoma, au amesoma upande mmoja.

8. Sasa tuje kwenye ardhi, maana ndiyo mzizi wa fitina. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakausimamia. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye madai ya ardhi pwani alete ushahidi wake, apewe hati. Ardhi isiyodaiwa inakuwa ya Taji la Uingereza.

9. Soma tena hiyo. Wenye karatasi, mahakama na watu wa kuwaandikia walidai. Mijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na mpaka wake ni mbuyu na kaburi la babu, wengi hawakuhesabiwa kuwa na madai yoyote ndani ya ukanda. Hakukuwa na vita siku hiyo. Muda wa kudai ulipita tu, na watu wakawa wageni kwao. Ukisikia neno "skwota" hapa pwani, asili yake kubwa ni hapo.

10. Vita vilikuja baadaye. Wagiriama walikuwa wamevuka mto Sabaki, wanalima na kuuza nafaka, wanajitegemea. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi na vibarua wa mashamba ya wazungu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza akawaapisha watu wasitoe. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, wakatoroka wakarudi kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, wakachoma nyumba, wakaamuru watu watoke ng'ambo ya kaskazini ya mto.

11. Kwa nini nasimulia haya kwenye uzi wa msitu? Kwa sababu miaka 18 tu baadaye, mwaka 1932, Arabuko-Sokoke ulitangazwa kuwa Msitu wa Taji, na 1943 ukaingizwa rasmi kwenye gazeti la serikali. Watu waliotangaziwa ni wale wale waliochomewa nyumba 1914. Hakuna aliyewauliza. Na tusidanganyane eti walikuwa wanalinda bundi: bundi huyo walikuwa hawamjui. Idara ya misitu ya wakati ule iliangalia mbao. Mbambakofi na muhuhu zilikuwa na bei.

12. Kwa hivyo yule wa juu ya gari anaposema "mlinyang'anywa", hasemi uongo. Hiyo nusu ya hotuba yake ni kweli, na ndiyo maana inauma na inapata makofi. Shida ni nusu ya pili, ile ya "nichagueni mimi niurudishe". Ngoja tufike.

13. Mwaka 1963 bendera ilibadilika. Msitu wa Taji ukawa msitu wa serikali. Mpaka ukabaki ule ule, kibali kile kile, askari akabadilika sare. Baharini nako, hifadhi za Malindi na Watamu zikatangazwa 1968, na wavuvi wakaambiwa hapa ndiyo, pale hapana. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri kwenye makaratasi. Kila hatua pia ilimfikia mwanakijiji kama amri.

14. Matokeo yake? Miaka ya 1990 watafiti walipozunguka vijiji vinavyopakana na msitu, walikuta idadi kubwa ya wakaaji wanataka ukatwe, wengine wote, wengine sehemu, wagawiwe mashamba. Usiwalaumu haraka. Jirani yako ni msitu ambao hukuruhusiwa kuugusa, ndovu wake wanakula mahindi yako, na watalii wanaokuja kuutazama wanalala hoteli za Watamu. Wewe ungesemaje?

15. Hapa ndipo historia inageuka kidogo, na ni sehemu ambayo wanasiasa wa pande zote huiruka. Mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo, makao yake pale pale kwenye magofu ya Gede. Wazo lenyewe ni rahisi hadi watu walicheka: fuga vipepeo.

16. Inafanya kazi hivi. Mkulima aliyeruhusiwa anakamata vipepeo wachache msituni, anawaweka kwenye kibanda cha wavu nyumbani watage. Viwavi wanalishwa majani ya mimea yao, ambayo mkulima anaipanda mwenyewe. Wakigeuka kuwa mabuu yaliyojifunga, yanapelekwa Gede, yanapangwa, yanasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Ni mbio, kwa sababu lazima wafike kabla hawajatoka. Na kila mara mkulima anahitaji mbegu mpya kutoka msituni. Msitu ukifa, biashara imekufa.

17. Akaja na mfugaji nyuki, asali ikapata soko. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya likaanzisha mpango wa basari, ASSETS: mtalii anayetembea kwenye daraja la kamba kati ya mikoko ya Mida analipa kiingilio, na pesa hiyo inasomesha watoto wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu. Mtoto amekaa darasani kwa sababu kuna ndege wa kutazama Mida. Hapo mzazi hahitaji semina ya uhifadhi.

18. Na tafiti za baadaye zikaonyesha kitu ambacho sisi wa siasa tunapaswa kukiandika kwa wino mzito: wanaotaka msitu ukatwe walipungua sana, hasa kati ya familia zilizoguswa na faida hizo. Watu walewale, msitu uleule. Kilichobadilika ni hesabu ya nani anapata nini.

19. Lakini msinielewe vibaya, sipigi debe. Wafuga vipepeo ni mamia. Wanaoishi kandokando ya msitu ni maelfu kwa maelfu. Soko la nje likiyumba, kama lilivyoyumba wakati wa korona ndege zilipokwama, kipato kinakatika siku hiyo hiyo. Huwezi kujibu dhuluma ya ardhi ya 1908 kwa kipepeo. Unaweza kumpa mtu sababu ya kutochukia msitu wakati dhuluma hiyo inashughulikiwa. Ni vitu viwili tofauti.

20. Hatua nyingine ilikuwa ya madaraka. Kijiji cha Dida, upande wa ndani, kilikuwa kati ya sehemu za kwanza nchini kujaribu usimamizi wa msitu wa pamoja, wanakijiji na idara. Mwaka 2002 ukatoka mpango mkubwa wa usimamizi wa Arabuko-Sokoke. Kisha Sheria ya Misitu ya 2005 ikaruhusu rasmi vyama vya jamii za misitu kote Kenya, na ile ya 2016 ikaendeleza. Kwa mara ya kwanza mwanakijiji hakuwa mtu wa kukamatwa tu, alikuwa na kiti mezani.

21. Kiti, ndiyo. Sauti, inategemea. Ukienda ukasikiliza, wanachama wengi watakwambia doria za kujitolea wanafanya wao, mikutano wanakaa wao, lakini uamuzi wa pesa unafanyika mbali. Hilo ni suala la siasa, si la miti.

22. Sasa shika hii, maana ndiyo sababu ya uzi mzima: mpango ule wa 2002 ni wa miaka 25. Unaisha 2027. Na 2027 ni mwaka wa uchaguzi. Yaani nani ataandika sura inayofuata ya msitu huu, na nani atakaa mezani ikiandikwa, litaamuliwa wakati wanasiasa wako juu ya magari. Kwa hivyo tujue hoja zao tangu sasa. Nitazichukua moja moja.

23. HOJA: "Miti imekalia ardhi yenye rutuba."
Nenda ukaone mchanga. Sehemu kubwa inayoota mirihi ni mchanga mweupe, maskini wa rutuba. Upande mwingine ni mchanga mwekundu. Mvua upande wa bahari hufika karibu milimita 1,000 kwa mwaka, lakini ukienda kaskazini-magharibi inaweza kushuka hadi 600 hivi. Msitu umesimama kwa sababu unajilisha majani yake mwenyewe. Ukiufyeka unapata misimu michache ya mahindi, halafu unapata kichaka. Wazee wanaolima pembeni wanalijua hili kuliko mimi.

24. HOJA: "Ukigawanywa, asiye na shamba atapata."
Hapa tuulize historia ya Kenya, si ahadi. Mwaka 2001 serikali ya wakati huo ilitangaza nia ya kumega zaidi ya hekta 60,000 za misitu ya nchi, nyingi zikiwa Mau, kwa jina la kuwapa makao wasio na ardhi. Tume ya Ndung'u iliyochunguza ugavi haramu wa ardhi ya umma iliripoti 2004. Ilikuta nini? Kwamba misitu ilimegwa na watu wenye uwezo na wenye kujuana wakajipatia, mahali pengi kwa jina la maskini. Maskini alikuwa anwani tu, mzigo ulishukia kwingine.

25. Na wale wachache maskini waliopata kipande Mau, wengi waliuziwa karatasi ambazo baadaye zilifutwa, wakafurushwa na watoto mvuani. Waliouza hawakulala nje. Kwa hivyo mtu akikuahidi ekari mbili za Arabuko, muulize kwanza: orodha ya watakaopata itaandikwa na nani, na itabandikwa wapi?

26. HOJA: "Ardhi ikiwa ya jamii, itakuwa salama bila serikali."
Tuna mfano jirani. Msitu wa Dakatcha, huko Magarini, haukuwahi kuwa hifadhi ya serikali. Karibu 2010 kampuni ya kigeni ilitaka hekta 50,000 ilime mbono wa kutengeneza mafuta ya magari. Jamii na watetezi wa mazingira walipinga, haikufaulu. Lakini makaa yanaendelea kuchomwa, na mashamba ya mananasi yanasogea. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa ni mlango uliorudishwa bila kufuli. Jamii nyingine za huko sasa zinataka kusajili ardhi yao kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Hiyo ndiyo njia, lakini ni kazi ya miaka, haimalizwi kwa mkutano mmoja.

27. HOJA: "Wakaaji ndio waharibifu. Waondolewe, waongezewe askari."
Hii ni hoja ya upande wa pili na ina uongo wake. Serikali ilisema hivyo hivyo kuhusu Waogiek wa Mau. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ikaamua Mei 2017 kwamba Waogiek hawakuwa wa kubebeshwa uharibifu wa Mau, na kwamba haki zao zilivunjwa. Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 157.85 na wapewe hati za ardhi ya pamoja. Sababu za uharibifu, mahakama ilisema, zilikuwa pamoja na ugavi wa ardhi na vibali vya kukata miti. Yaani ofisini.

28. Tuseme ukweli wa pande zote lakini: Arabuko-Sokoke inaliwa pia na mikono ya hapa hapa. Mitego ya paa ipo. Magogo ya muhuhu yanatoka usiku. Kijana anayekata anajulikana kijijini. Ila uliza anamuuzia nani, na pikipiki inapita vizuizi vingapi hadi mjini. Tunamkamata wa shoka, mwenye stoo anaendelea kuchangia harambee.

29. HOJA: "Tukikata tutapanda mingine, kuna mpango wa miti bilioni 15."
Kupanda ni kuzuri, na Katiba, ibara ya 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Takwimu rasmi za 2021 zilisema tumefika asilimia 12.13 kwa miti yote, lakini misitu yenyewe ni asilimia 8.83. Ona hapo tofauti. Mkaratusi uani kwako ni mti. Haumlei sengi wala yule bundi. Msitu wa umri huu hauoteshwi kwa kampeni moja, wala kumi.

30. HOJA: "Nichague, nitaondoa msitu kwenye gazeti la serikali."
Mwakilishi wadi hawezi. Gavana hawezi. Hata mbunge peke yake hawezi. Kwa sheria ya 2016, kubadilisha mpaka wa msitu wa umma kunahitaji ombi rasmi bungeni, tathmini ya athari kwa mazingira, kushauriana na umma, kutohatarisha spishi adimu, na azimio la Bunge. Kaunti ina kazi ya kutekeleza sera za kitaifa za misitu. Wanyamapori wako chini ya serikali ya kitaifa. Anayekuahidi jambo lisilo katika uwezo wake, ama hajui kazi anayoomba, ama anajua na anakuchezea.

31. Lakini usilale. Mwaka 2021 ulipelekwa bungeni mswada wa kuondoa kizuizi kimoja katika safari hiyo, ili ombi la kumega msitu lisipitie kwanza kwa wataalamu wa huduma ya misitu. Kelele za wananchi zikauzuia. Sheria ni ukuta, na ukuta huvunjwa tofali moja moja usiku.

32. Sasa ndovu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyama aliyetajwa kwenye orodha yake ilipwe shilingi milioni 5, aliyelemazwa hadi milioni 3, na mazao yaliyoharibiwa yafidiwe. Kwenye karatasi tuko mbele ya nchi nyingi. Bibi yangu, hawe kama tunavyosema nyumbani, aliliwa mahindi usiku mmoja, shamba zima kabla ya kuvuna. Fomu zilijazwa, picha zikapigwa, nauli ya kwenda ofisini ikatoka mfukoni mwake mara tatu. Jibu halijafika. Yeye ameshaacha kuuliza.

33. Hawe hachukii ndovu. Anaokota kuni kavu kwenye msitu huo kwa kibali, dawa ya mafua yake inatoka humo. Aliniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi chuoni: "Mimi sitaki wanipe msitu. Nataka wakinila wanilipe, na wakikaa kuuzungumza waniite." Nimesoma vitabu vingi vya utawala, sijaona muhtasari bora.

34. Na watu wa hapa si wa kudanganywa ovyo. Mwaka 2014 kampuni ya mafuta ilitaka kupitisha uchunguzi wa mitetemo ndani ya Arabuko-Sokoke. Waliopinga mstari wa mbele walikuwa wanakijiji, wakiwemo waliokuwa na kila sababu ya kuukasirikia msitu. Uchunguzi ndani ya msitu ukasimama. Mwaka 2024 wakaaji wa Uyombo waliandamana kupinga kinu cha nyuklia, wengine wakapigwa. Watu hawa wameonyesha wanalinda mahali pao. Hawajawahi kukataa uhifadhi. Wamekataa kuamuliwa.

35. Kwa hivyo msitu ni wa nani? Jibu la sheria: ni ardhi ya umma, ibara ya 62 ya Katiba, imeshikwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya wote. Jibu la historia: ulichukuliwa bila kuulizwa kutoka kwa watu ambao wajukuu wao bado wanaishi ukutani mwake. Majibu yote mawili ni ya kweli. Mwanasiasa akikupa moja tu, amekupa nusu.

36. Msimamo wangu, mnaweza kuupinga: msitu ubaki mzima, hata hatua moja isimegwe. Na dhuluma ya ardhi ilipwe, lakini kutoka kule ilikoenda. Ndani ya ukanda huu kuna mashamba makubwa ya wenye hati ambao hawajawahi kuonekana, kuna viwanja vya ufuoni vilivyopatikana kwa njia tunazozijua. Tume ya Taifa ya Ardhi imepewa na Katiba, ibara ya 67, kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Kumwelekeza skwota msituni ni kumkinga mwenye shamba tupu.

37. Ndiyo maana "miti haipigi kura" inawafaa baadhi ya watu sana. Ukigombana na mti, hugombani na mwenye hati.

38. Maswali matano ya kumuuliza mgombea yeyote kabla ya 2027. Yapige picha:
(a) Mpango wa msitu unaisha 2027. Chama cha jamii kitakuwa na kura ngapi kwenye mpya?
(b) Katika kila shilingi mia ya kiingilio na vibali, ngapi zitarudi vijijini, na hesabu itabandikwa wapi?
(c) Madai ya fidia ya ndovu yaliyokwama ni mangapi hapa kwetu, na utayafuatilia vipi?
(d) Maskwota wapewe makao kwenye ardhi ipi hasa? Taja namba ya shamba.
(e) Anayenunua mbao na makaa ya msitu anakamatwa lini?

39. Akijibu matatu vizuri, msikilize. Akianza na "miti haipigi kura", mwambie ni kweli, lakini hawe anapiga.

40. Mwisho wa uzi. Kama wewe ni wa Dida, Kakuyuni, Jilore, Roka au Mida na nimekosea mahali, nirekebishe, nitaweka marekebisho hapa chini. Matusi hapana, majina hapana. Mwenye babu anayekumbuka jinsi mpaka ulivyowekwa, tafadhali mrekodi hata kwa simu. Wazee wanaondoka, na karatasi zilizobaki zimeandikwa na upande mmoja.